Mstari wa Wino Mguuni

Filamu ilikuwa fupi na haikuwa na sauti. Tulionyeshwa ndani ya stoo ya hoteli moja ya Al Sadd, mjini Doha, sisi waosha vyombo wapya, tumekaa juu ya kreti za soda. Kidude cha kijivu, umbo lake kama punje ya mchele, kilikuwa kimelala katikati ya skrini. Kikarefuka. Kikabanwa kiunoni kama kinafungwa mshipi usioonekana. Kisha vikawa viwili, na kila kimoja kikaanza kurefuka. Mwalimu alikuwa na haraka ya kwenda hoteli nyingine. Alisema hao ni bakteria, ndio sababu ya kunawa mikono, akafunga kompyuta yake, akaondoka. Wenzangu walirudi kwenye masinki wakilalamika kwamba muda wao wa chai umeliwa bure. Mimi nilirudi na kile kiuno kilichobanwa kichwani, na bado kimo.

Wakati huo treni za chini ya ardhi zilikuwa hazijaanza. Al Sadd ilikuwa imezungushiwa mabati, inachimbwa, na basi la kampuni lililotutoa kempu, makazi yetu wafanyakazi kule Umm Salal, lilizunguka mpaka mtu unasahau unakokwenda. Ndani ya basi hilo ndimo nilimosomea. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu ya bayolojia sipendi kuyataja. Lakini nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na nilikuwa na hofu ambayo haikuniacha nitulie mpaka nijue.

Niseme wazi nilivyo, maana bila hilo yaliyobaki hayataeleweka. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiwa mdogo madrasa, nilikuwa natawadha, nafika mlangoni mwa msikiti, nasimama: je, kisigino kililowa? Narudi. Natawadha upya. Je, nimeosha mara tatu au mbili? Narudi tena. Maalimu alinitupia kandambili, akasema shetani wa udhu amenivaa. Nilipokua sikupona, nilibadilisha tu kitu cha kurudia. Hotelini nilikuwa naosha glasi, naiinua kwenye taa, naiosha tena. Mpishi mkuu alinipenda kwa siku chache, kisha akanichukia, kwa sababu glasi zilikuwa safi na hazikutosha mezani. Mikono yangu ilipasuka kwa sabuni mpaka ikatoa damu kwenye viungo vya vidole. Niliposoma kwamba ngozi iliyopasuka ni mlango wa bakteria, nikazidi kuiosha.

Nilijifunza bila mpangilio. Neno moja la Kiingereza lilinipeleka kwenye kamusi, kamusi ikanipeleka kwenye picha, picha ikanipeleka kwenye neno jingine, na tayari basi limefika. Nilijifunza kwamba bakteria hahitaji dume wala jike. Hunakili maandishi yake ya urithi, yale yanayomwambia awe nini. Nakala moja huenda upande huu, nyingine upande ule, ukuta hujengwa katikati, naye hukatika vipande viwili vilivyo sawa. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna mzazi anayebaki. Huwezi kunyoosha kidole ukasema huyu mama, huyu mtoto. Katika chumba chetu, ambamo kila mtu alikuwa ameacha mtu mahali, niliona hilo ni jambo geni kuliko yote.

Nikajifunza pia jinsi wanavyokuwa wengi. Wakifika mahali papya hawaanzi kuongezeka papo hapo. Hukaa kwanza. Huzoea joto la pale, hujitengenezea vya kulia chakula cha pale, na ukiwatazama utadhani wamelala. Kisha mmoja hugawanyika, na wawili, na wanne. Nilijieleza kwa sahani, kwa kuwa sahani ndizo nilizozijua. Weka sahani moja kwenye rafu. Halafu ongeza ili ziwe mbili. Halafu nne. Mwanzoni ni mchezo wa watoto, hutoki hata jasho. Lakini fikiria rafu imefika nusu. Mtu yeyote atakwambia bado kuna nafasi tele, tumefika nusu tu. Kumbe imebaki zamu moja. Zamu ijayo rafu imejaa, na inayofuata zinamwagika sakafuni. Kwenye chupa ya maabara mambo hayo yana kikomo: chakula huisha, taka zao wenyewe huwazonga, wanaozaliwa na wanaokufa hulingana, halafu wanaokufa huwashinda. Vitabu huchora mstari mzuri unaopanda, unalala, unashuka. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mstari ule ni wa chupa. Mguuni mwa mtu, chupa ni mtu.

Kampuni yetu ilikodisha watu, wengine hotelini, wengine kwenye milango ya majengo, wengine kuendesha magari. Kwa hiyo chumba kilikuwa mchanganyiko. Nililala kitanda cha juu. Kitanda cha chini yangu alilala mlinzi wa Kipemba, mtu mzima aliyeniita mdogo wangu na mimi nikamwita kaka, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Mkabala nasi alilala dereva kutoka Nakuru, mtu wa maneno, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Daktari.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimewachosha. Nilikataza sponji moja ya kuoshea vyombo isitumike na chumba kizima. Nilipanda juu ya paa kuangalia tangi la maji nikashuka na habari mbaya. Pale kempu tulikuwa na desturi ya kumwekea chakula aliye kazini: wali hufunikwa, sufuria huvikwa blanketi ukae na joto hadi mwenyewe arudi. Mimi nikasema lile joto la blanketi ndilo joto wanalolipenda bakteria.

"Sikiza," dereva alisema siku ile, kijiko mkononi. "Mimi nimetoka barabarani tangu asubuhi, nimetukanwa na kila mtu mwenye Land Cruiser. Hao wasee wako wadogo kama wako ndani ya huu wali, wasonge kidogo nikule."

"Hawasongi. Wanagawanyika."

"Basi wamenishinda. Mimi hata kugawanyika sina nguvu."

Kaka wa Kipemba alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa mpole nami. Akinisikia nimeanza, alikuwa akisema, "Mwacheni. Mwenzenu ana wasiwasi wa udhu, keshahamia jikoni." Na alipoona nimekosa raha kabisa, alikuwa akiondoka na kikombe chake kwenda kibandani kuniletea chai ya karak, ile nzito ya maziwa na sukari, yake na yangu. Yake iliongezewa sukari. Alikunywa karak asubuhi, mchana na jioni, na baada ya karak alikunywa maji, chupa baada ya chupa, na kwenda chooni, na kurudi na kiu. Nani asiye na kiu Doha? Niliogopa sponji, tangi, blanketi, vishikio vya milango na kioo cha simu yangu mwenyewe. Kile kikombe sikukiogopa hata siku moja.

Kaka alikuwa karibu kwenda likizo. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya yeye kusafiri, na walijuana kwa simu tu. Mkewe alimwambia kwamba mtoto yule akisikia simu yoyote inalia, ya jirani au ya muuza duka, hunyanyua kichwa akasema, "Baba." Kaka alitusimulia hilo kama kichekesho. Alilisimulia mara nyingi. Tikiti ilikuwa imekatwa, na kibali cha kutoka nchini, ambacho miaka ile hukuweza kuondoka bila ya mwajiri kukupa, kilikuwa njiani. Na alijua, kama tulivyojua sote, kwamba msimamizi wa walinzi hakupenda mtu mgonjwa. Kabla yake mlinzi mmoja aliugua likizo ikiwa imekaribia, akalala kitandani, na zamu yake ya kusafiri ikapewa mwingine ili mlango usikose mtu. Yule alingoja mwaka mzima mwingine.

Halafu kampuni ikagawa viatu vipya.

Vilikuwa buti nyeusi, ngumu kama mbao. Walinzi wote walichubuka. Kaka alichubuka kisigino cha mguu wa kulia, malengelenge yakapasuka, ikawa kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Hakuona kama ni jambo. Alisema hata hakiumi sana. Akavuta sanduku lake chini ya kitanda, akatoa paketi ya vidonge alivyofungiwa na mama yake alipokuwa anasafiri: rangi mbili. Kwetu sote, Bara na visiwani, hakuna asiyevijua, vile vidonge vya ganda la rangi mbili ambavyo mama anakupa kwa kuhara, kwa jino na kwa kikohozi. Akachukua kimoja, wala hakukimeza. Alikifungua kama watu wanavyofanya huko kwetu, akatenganisha ganda, akamwaga unga wote juu ya kidonda.

Hata mimi niliwahi kumwagiwa unga ule utotoni. Ndiyo maana nilipomwona nilitulia kidogo kabla sijashtuka. Harufu yake ilikuwa ya nyumbani.

"Kaka, usifanye hivyo. Dawa ile ni ya kumezwa, kwa kipimo. Hapo juu haifiki waliko."

"Inakausha, yakhe. Wewe hukuona? Kesho kitakuwa kikavu."

Na kesho yake kilikuwa kikavu. Unga ulikuwa umeshikana na majimaji ya kidonda, ukafanya gamba la manjano, gumu, safi kwa macho. Wote chumbani walilisifu. Dereva aliinama akalitazama kama anatazama tairi jipya.

"Daktari, umeona? Dawa ya mama imekushinda."

Nikasema gamba lile ni paa. Chini yake kuna unyevu, kuna joto, hakuna hewa, na hao wafu wachache waliouawa na unga wamewaachia nafasi wasiouawa. Nikasema wakati huu tunaouona kimya ndio wakati wao wa kuzoea. Nilisema mengi. Niliisikia sauti yangu, ileile niliyoitumia kwa sponji, ileile ya tangi na wali, haikupanda wala kushuka, na niliona kwenye nyuso zao kwamba wameshaacha kusikia. Sikuwa na sauti nyingine. Nilikuwa nimeitumia yote kwenye vyombo.

Baada ya hapo kisigino kilivimba. Ngozi ya mguu, juu ya buti inapoishia, ikang'aa. Picha zote nilizozitafuta kwenye simu zilikuwa za miguu ya watu weupe, yenye wekundu unaoonekana hata ukiwa mlangoni. Mguu wa kaka ulikuwa mweusi. Juu yake hapakuwa na wekundu, palikuwa na weusi uliozidi kidogo, ngozi iliyokaza na joto. Nililazimika kuufuata mpaka wa uvimbe kwa mgongo wa vidole, polepole, hapa pana joto, hapa hapana.

"Sasa unampima kama chapati?" dereva akauliza.

Nilikuwa nimesoma kwamba wauguzi huzungushia mstari wa kalamu pale uvimbe unapoishia. Ukivuka mstari, unajua hao walio ndani wanawashinda walinzi wa mwili. Nikachukua kalamu yangu ya bluu, nikauzungushia mguu mstari juu ya kifundo, taratibu. Kaka alikuwa na kovu la zamani pale, jembamba kama mwezi mchanga, la spoki ya baiskeli ya utotoni. Mstari wangu ulipita chini ya kovu, na kati ya mstari na kovu paliingia vidole viwili. Nilipima, nikapima tena.

"Kaka, twende kliniki."

"Nikifika Pemba nitakwenda hospitali. Nitakaa hata wiki."

"Na uvimbe ukivuka mstari?"

Alinitazama. Nadhani nilikuwa karibu kulia. Nakiri, mimi hulia upesi, na machozi yangu huwafanya watu waahidi mambo.

"Wallahi," akasema, "ukivuka mstari huu, mimi mwenyewe nitakwenda. Umeridhika? Haya, panda kitandani kwako, ukalale."

"Mpaka wa kimataifa huo," dereva akasema. "Wasee, msivuke bila viza."

Kaka aliswali swala tano na alikuwa akitawadha kwenye mabomba ya nje pamoja na watu wote. Alikwepa kulowesha gamba, alipapaka maji tu, lakini mguu ulilowa na wino ukafifia. Nililiona hilo na nikamwambia tuwe tunaupitishia kalamu mara kwa mara. Akasema, "Niachie kalamu, nitaupitishia mwenyewe, wewe una kazi zako." Nikamwachia. Asubuhi kabla ya basi nilikuwa nikishuka kitandani, nainama, naangalia: mstari upo, mbichi, na uvimbe uko ndani yake. Jioni nikirudi: upo, na uvimbe uko ndani. Sijui niwaelezeje raha ya kuangalia kitu kinachotisha ukakikuta mahali pake. Zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote Doha. Glasi nilikuwa naosha mara moja tu. Hata mpishi mkuu aligundua, akanipiga begani akasema neno la Kiarabu la kunisifu. Nilidhani nimejua. Nilidhani mambo yote yaliyonitesa, kile kiuno kilichobanwa, zile sahani, hatimaye yamemsaidia mtu, na kwamba mwili wa kaka unashinda.

Ijumaa mchana tulikuwa tunajitayarisha kwenda msikitini. Kaka alikuwa amevaa kanzu, ameketi kitandani, na alikuwa anajaribu kuingiza mguu kwenye ndala. Mguu haukuingia. Alijaribu kwa subira ya mtu anayefungua kufuli kwa ufunguo usio wake. Nilipiga magoti nimsaidie. Mguu ulikuwa unachoma kama mgongo wa sufuria. Mara moja macho yangu yakakimbilia mstari, nikaukuta, bluu, safi, na ngozi inayong'aa imeishia ndani yake. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Halafu nikaliona kovu.

Lilikuwa ndani. Kovu la spoki lilikuwa ndani ya mstari, chini kabisa, na mstari ulikuwa umepanda ukaelekea nusu ya njia ya kwenda gotini. Nilitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa upande mwingine wa barabara. Nilidhani nimechanganyikiwa, nilidhani ni mguu wa kushoto. Nikagusa kovu. Nikagusa mstari. Kati ya viwili hivyo haviingii vidole viwili tena, kinaingia kiganja kizima.

"Kaka, nani kachora huu?"

Jasho lilikuwa linamtiririka, na kiyoyozi kilikuwa juu. "Twende," akasema, "hutuba itatupita." Kisha meno yake yakaanza kugongana.

Dereva ndiye aliyembeba. Yule aliyenicheka kuliko wote hakuuliza hata swali, alimtia begani kama gunia, akakimbia naye kwenye jua lile hadi kwenye gari la kampuni, ambalo hakuruhusiwa kulitumia siku ya Ijumaa. Njia nzima alikuwa akiniambia, "Daktari, ongea na yeye. Ongea, asilale. Mwambie ile hadithi ya hao wasee wako." Nilikuwa nimeshika mguu kwa mikono miwili usigonge mlango, na nilihisi joto likipita kwenye nyufa za vidole vyangu, na nitasema ukweli hata kama ni aibu: nilikuwa nawaza jinsi ya kunawa.

Hospitalini walifungua gamba. Ilitoka harufu ambayo sitaieleza. Daktari alikuwa mwanamke, Msudani, alituuliza ana kisukari tangu lini, sisi tukatazamana. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe hakujua. Daktari alitueleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba sukari ikizidi kwenye damu mishipa ya fahamu ya miguu hufa, ndiyo maana hakusikia maumivu, na askari wa mwili huwa wazito kufika, na hao wengine hukuta chakula kimejaa. Alikuwa anaeleza kwa mikono, moja ikipanda haraka, nyingine ikichelewa. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyotaka. Nilikuwa naona rafu. Nilikuwa naona kwamba siku zile zangu nzuri, nilipokuwa naosha glasi mara moja, rafu ilikuwa inakwenda nusu.

Walikata vidole kwanza. Halafu wakarudi wakakata juu ya kifundo. Mara ya pili walikata juu ya kovu, karibu kabisa na mstari, na mabaki ya wino yalibaki kwenye ngozi juu ya bandeji, kipande kidogo cha bluu ambacho hakuna muuguzi aliyejishughulisha kukifuta.

Nilipoingia kumwona alikuwa amelala ametazama dari. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye basi. Yote yakanipotea, nikamuuliza kitu kimoja tu, kama mtoto.

"Kwa nini uliuhamisha?"

Aligeuza kichwa akanitazama.

"Nilikuwa nimekula kiapo," akasema. "Ukivuka, niende. Sikutaka kuvunja kiapo. Basi nikawa kila nikitawadha nausogeza kidogo. Haujavuka hata siku moja, yakhe. Mbele ya Mungu haujavuka."

Nikadhani amemaliza.

"Na wewe," akaongeza, "ulikuwa ukiamka asubuhi unainama pale, unaangalia, halafu unashusha pumzi. Nakusikia. Tangu uje kempu sijapata kukusikia umeshusha pumzi vile. Nikasema, hata kama si kwa ajili yangu, mwache huyu mtoto alale."

Nimewahi kusoma kwamba bakteria wengine hutoa vitu vya kuambiana wako wangapi, na wakifika wengi wa kutosha hubadilika wote pamoja, wanaanza kufanya yale ambayo mmoja peke yake hafanyi. Sisi chumbani tulikuwa wengi, tukiuona mguu ule kila siku, na tukaambiana kila kitu isipokuwa kwamba mstari unapanda.

Kampuni ilimpa kibali cha kutoka bila kuchelewa. Hawakuwa na kazi ya kumpa mlinzi asiye na mguu. Alisafiri siku zilezile ambazo likizo yake ingeanza, kwenye kiti cha magurudumu, soksi moja mguuni. Dereva alimpeleka uwanja wa ndege na hakufanya mzaha hata mmoja njia nzima, na hilo ndilo lililoniogopesha. Buti mpya zilibaki chini ya kitanda hadi alipokuja mlinzi mwingine, Mganda, akazivaa. Nilimwambia atie pamba kisigino. Nilimwambia mara moja tu, nikajilazimisha kunyamaza, na nilimwona amenisikia.

Baadaye kaka alinipigia simu kutoka Pemba. Alisema anaendelea, sindano za sukari anajichoma mwenyewe, gongo analizoea. Alisema mtoto amekua, ana maneno mengi, na amelikubali gongo kuliko alivyomkubali yeye, analiburuta uani. Nikamuuliza kama ameanza kumwita baba. Alicheka kile kicheko cha zamani, kikaishia kwenye kikohozi.

"Ngoja," akasema. "Ongea naye."

Nikasikia simu ikipokelewa na mikono midogo, ikagongwa na kitu, labda meno. Nyuma yake nilimsikia kaka, karibu kabisa, pengine ameketi naye mkeka mmoja, akimwambia, "Sema, hujambo ami. Sema."

Mtoto akavuta pumzi, akasema ndani ya sikio langu, wazi kabisa, "Baba."